Kaya ya Watu Sita, Leseni ya Mtu Mmoja

Hotuba kwa wahasibu wa hospitali na zahanati, mafundi vifaa tiba, mawakala wa bima na wanafunzi wa TEHAMA, Moshi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana. Nimepewa dakika arobaini, na mwenyekiti wetu anajulikana kwa kuzima kipaza sauti bila huruma, kwa hiyo sitazunguka.

Nafanya kazi dirisha la bima katika hospitali moja ya misheni huku mlimani. Asubuhi napokea kadi na kuhakiki uanachama. Mchana naingiza madai kwenye mfumo. Mwisho wa mwezi nabishana na watu kuhusu madai yaliyokatwa. Mezani kwangu kuna vitu viwili ambavyo hospitali nyingi huviweka idara tofauti: kadi ya mgonjwa, ambayo ni mambo ya mhasibu, na leseni ya programu inayosoma hiyo kadi, ambayo ni mambo ya vijana wa TEHAMA. Idara hizi mbili hukutana kwenye kikao cha bajeti, na kila moja inamwona mwenzake ndiye anayemaliza hela.

Mimi nimekaa katikati yao, na nilichokuja kusema ni kwamba tatizo lao ni moja. Bima ni mkataba, leseni nayo ni mkataba. Vyote viwili huandikwa na upande mmoja, na upande wa pili unatia saini au unabofya neno "Nakubali". Aliyeandika alikuwa na mtu fulani kichwani, na mkisoma masharti polepole mtamwona. Ana mshahara unaoingia tarehe ileile kila mwezi. Ana mwenzi mmoja na watoto wachache wa kuwazaa mwenyewe. Ana kadi ya benki inayolipa nje ya nchi. Kompyuta yake ilitoka dukani ikiwa mpya. Jina lake limeandikwa vilevile kwenye kila karatasi tangu azaliwe. Mtu huyo yupo, hata hapa Moshi yupo, pengine amekaa safu ya mbele. Ila wanaopanga foleni dirishani kwangu ni watu wengine.

Tuanze na kadi. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipangwa kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Siibezi hata kidogo. Tangu mfuko huo ulipojaribiwa Igunga mwaka 1996, huu ndio mpango uliojaribu kumfikia mkulima pale alipo, na kwa bei ambayo mkulima anaweza kuitamka bila kushika kichwa. Ninachouliza ni hiyo sita. Baba, mama, watoto wanne. Ni hesabu nzuri kwenye karatasi.

Sasa mchukueni bibi mmoja wa Kibosho. Analea wajukuu saba. Wawili ni wa binti yake aliyeko Dar, watatu wa kijana wake anayehangaika Mererani, wawili mama yao alishafariki. Ukimjumlisha mwenyewe ni wanane. Afisa mwandikishaji alipofika nyumbani kwake akamweleza kwamba kadi inabeba sita. Bibi akafanya ambalo kila mzazi humu ndani angelifanya: akawaacha wazima, akawaandikisha wanaokohoa.

Watu wa bima wana lalamiko lao la siku zote, kwamba wananchi wanasubiri kuugua ndipo wakate bima. Ni lalamiko la haki. Mfuko wa wagonjwa watupu haudumu, na anayebisha aje akae na vitabu vyangu vya hesabu juma moja. Toto Afya Kadi, ile ya shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ilisitishwa mwaka 2023, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa hayohayo: wazazi wengi walikuwa wakiwaleta watoto waliokwisha kuugua. Baadaye utaratibu ukarejeshwa kwa sura nyingine. Lakini rudini kwa bibi wa Kibosho. Yeye hakuvizia kitu. Alikuwa tayari kuwaandika wote wanane, kikomo kikamlazimisha achague, na akishalazimishwa kuchagua atachagua wagonjwa. Kanuni imetengeneza tabia, kisha taarifa ya mwaka inamlaumu bibi kwa tabia hiyo.

La pili ni kalenda. Kadi hufa mwaka mmoja baada ya kukatwa. Ukiikata Aprili, inakufa Aprili. Na Aprili mlimani kwetu ni masika, barabara ya kwenda juu ni tope, watoto wana nimonia, na kahawa haijaanza hata kuiva. Fedha ya kahawa inaingia kuanzia katikati ya mwaka kwenda Desemba. Kwa hiyo wakati kaya inahitaji kadi zaidi ndio wakati haina elfu thelathini, na ikiipata elfu thelathini, mafua yameisha na ada ya shule ndiyo inayogonga mlango. Mji huu ni mji wa ushirika. KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika wa kahawa, ipo tangu mwaka 1933, AMCOS, vile vyama vya msingi vya wakulima, zipo kila kata inayolima kahawa, na makato ya pembejeo kwenye malipo ya kahawa tumeyafanya miaka nenda rudi. Kuhamisha tarehe ya kadi iendane na malipo ya kahawa hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji mtu aliyeandika neno "tarehe ya kujiunga" akubali kuliandika upya.

Halafu kuna majina na vidole, ambavyo kwa mtu wa makao makuu ni vitu vidogo. Mgonjwa kwenye kitambulisho cha NIDA anaitwa Aikael, kwenye kadi ya kliniki ni Aikaeli. Herufi moja, dai linarudi. Mama amelima miaka arobaini, vidole vimelika kwa jembe na sabuni ya kufulia. Anakiweka kidole kwenye mashine mara ya kwanza, ya pili, anakifuta kwenye kanga, anakiweka tena, na mashine inasema hajulikani. Foleni nyuma yake inaanza kuguna. Naijua sababu ya zile alama za vidole, kadi zilikuwa zinaazimwa mtaa mzima. Lakini ukileta mashine ya kuzuia udanganyifu bila kumwachia mhudumu njia ya pili iliyo halali, utakuwa umemfungia nje mkulima kwa sababu amelima.

Bima ya vyombo vya moto nitaipitia haraka, mawakala mliopo mnaijua kuliko mimi. Kila bodaboda inatakiwa kuwa na bima, na mtu wa kawaida anakata bima ndogo kwa sababu trafiki anaiuliza. Abiria akivunjika mguu ndipo anapoambiwa alete fomu za polisi, PF3 ya matibabu na PF90 ya ajali, alete nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki, alete risiti zote. Kampuni inatakiwa kulipa ndani ya siku 45. Siku hizo zinahesabiwa nyaraka zikikamilika, na kukamilika kwenyewe hakuna siku. Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ipo. Waliovunjika mguu Himo wakasikia habari zake ni wachache mno, na mawakala, hiyo ni kazi yenu pia, msinitazame hivyo.

Mlima siwezi kuuacha nikiwa Moshi. Mgeni akizidiwa pale kambi ya Barafu, juu Kilimanjaro, kiongozi wa msafara anapiga simu, namba ya bima ya mgeni inatajwa, na hali ya hewa ikiruhusu helikopta inakuja. Mpagazi akizidiwa kambi ileile, siku ileile, wenzake wanamshusha kwa machela ya gurudumu moja kuelekea Mweka, wakipokezana. Hakuna aliyeamua kwamba maisha ya mmoja ni ghali kuliko ya mwenzake. Ni mikataba miwili tu. Ya mgeni ilikatwa kwao kabla hajapanda ndege. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao upo, sheria yake ni ya mwaka 2008, na mwajiri huchangia kwa kufuata orodha ya mishahara. Mgumu, yaani mpagazi, aliyechukuliwa getini alfajiri kwa safari moja, hata kama mzigo wake umepimwa na haukuzidi kilo 20, jina lake halipo kwenye orodha ya mishahara ya mtu yeyote. Zipo kampuni zinazowakatia bima wapagazi wao, na ziheshimiwe. Lakini ni hiari yao.

Na msidhani kanuni za bima ni kama mvua, kwamba zinashuka zenyewe. Mtanzania akiomba viza ya Schengen anatakiwa kuonyesha bima ya afya ya safari isiyopungua yuro 30,000. Wazungu waliandika hivyo kwa sababu hawataki kubeba gharama za mgeni. Zanzibar nao, tangu Oktoba 2024, wanamtaka mgeni kutoka nje alipe bima ya dola 44 anapoingia. Waliamua, wakaandika, sasa inatekelezwa. Kumbe nasi tukitaka tunaweza kuandika.

Haya, nageukia kompyuta. Vijana wa TEHAMA amkeni.

Katika hospitali moja ninayoifahamu vizuri alikuja daktari wa kujitolea, mtu mwema kabisa. Aliona tunahangaika na madaftari, akatununulia programu ya kutunzia kumbukumbu za maabara na kuandaa madai. Alilipa kwa kadi yake mwenyewe, akajiandikisha kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa sababu hospitali haikuwa na kadi ya kulipia nje. Hospitali yetu hulipa kwa hundi yenye saini tatu, na mwenye saini ya tatu kila mara yuko kwenye mkutano Dodoma. Daktari akamaliza muda wake, tukamwimbia, tukamvika kanzu, akarudi kwao. Mwaka ulipoisha kadi yake ya benki nayo ilikuwa imebadilishwa, malipo yakakwama, na Jumatatu asubuhi programu ikafunga. Tukijaribu kubadilisha nywila, namba ya siri inatumwa kwenye simu yake, na yeye simu hiyo alishaiacha. Tukaandika kampuni. Kampuni ikajibu kwa adabu sana kwamba mwenye leseni ni yule daktari, na kwamba kwa kulinda faragha yake hawawezi kuzungumza nasi.

Kumbukumbu zilikuwa za wagonjwa wetu, damu ilitoka kwenye mishipa ya watu wa Marangu na Kilema, na mwenye haki ya kuzifungua kisheria ni mtu mmoja aliyekuwa likizo ufukweni. Kwa majuma kadhaa tukarudi kwenye madaftari. Madai yakachelewa, na yaliyochelewa yakakatwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba leseni na bima zimeshikana mikono: programu ilifungwa kwa sababu ya kanuni ya watu wa programu, dai likakataliwa kwa sababu ya kanuni ya watu wa bima, na aliyepoteza fedha ni hospitali ambayo haikuandika hata moja kati ya hizo.

Mafundi vifaa tiba mna hadithi zenu. Ile altrasaundi ya msaada kutoka Ulaya, inawaka, inaonyesha mtoto tumboni, lakini mkibadilisha kipande kimoja ndani yake, vipimo vya moyo vinajifunga. Unaandika kuomba ufunguo, unajibiwa kwamba leseni ilitolewa kwa mnunuzi wa kwanza na haihamishiki. Chuma tumepewa; ruhusa ya kukitumia imebaki kwao. Lora Perry na Robert Malkin walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa hospitali za nchi maskini 16, wakakuta karibu asilimia 40 ya vifaa havifanyi kazi. Sababu walizozitaja ni uhaba wa mafunzo, usimamizi na miundombinu. Mimi ningeongeza hii ya nne, kwa sababu kadiri kifaa kinavyokuwa kipya ndivyo kinavyokuwa na programu nyingi ndani, na fundi mwenye bisibisi na akili timamu anabaki anakitazama.

Marekani kwenyewe wamegombana kuhusu jambo hili. Sheria yao ya hakimiliki ya kidijiti ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kufuli za programu. Mafundi wakapiga kelele, wakulima wa matrekta wakapiga kelele, na mwaka 2021 Mkutubi wa Bunge lao, kwa ushauri wa ofisi yao ya hakimiliki, akaruhusu kufuli hizo zivunjwe kwa ajili ya kutengeneza vifaa vya hospitali. Mwaka mmoja kabla, wakati wa korona, iFixit, kampuni ya Marekani ya miongozo ya matengenezo, walikuwa wameweka mtandaoni maelfu ya miongozo ya matengenezo ya vifaa tiba, bure, na najua mafundi kadhaa humu wanaitumia kila siku. Fundi wa kule amepewa ruhusa kwa maandishi. Wa hapa anafanya kazi ileile akiangalia nyuma.

Sasa la karibu zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Anayetaka Windows 11 awe na kompyuta yenye kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha yao. Zungukeni maduka ya laptop za mtumba hapa mjini mhesabu ngapi zina sifa hizo. Zile kompyuta zilitupwa Ulaya na Dubai kwa sababu zimezeeka, zikaja kwetu zikaanza maisha mapya, ziko mapokezi, ziko famasi, ziko stoo ya dawa. Taasisi inayotaka kuendelea kupata masasisho ya usalama kwa mwaka wa kwanza ilipangiwa dola 61 kwa kila kompyuta, mwaka wa pili 122, wa tatu 244. Tuseme dola ni shilingi 2,500. Kompyuta moja, mwaka mmoja, ni shilingi 152,500. Hiyo ni michango ya CHF ya kaya tano na chenji inabaki. Watu thelathini wanatibiwa mwaka mzima kwa fedha ya kulinda kompyuta moja ya mapokezi isiingiliwe na vairasi.

Shule zilipewa bei ya dola moja kwa mwaka wa kwanza. Nimefurahi kwa ajili ya shule. Inaonyesha kwamba bei inaweza kushushwa pale wenye nayo wanapotaka, ila zahanati ya Uru haikumjia mtu kichwani. Ulaya nako, shirika la watumiaji la Euroconsumers lilipolalamika, watumiaji binafsi wa Eneo la Uchumi la Ulaya wakapewa mwaka mmoja zaidi bila kulipa na bila baadhi ya masharti waliyowekewa watu wengine. Mtu wa Lisbon bure, mtu wa Majengo dola 30 au akubali masharti.

Ndiyo maana kijana wa "piga window" hafi njaa. Elfu kumi, nusu saa, una Windows, una Ofisi, una antivairasi, vyote vimekrakiwa. Siku hizi kila semina inamlaani. Mimi simlaani, ndiye aliyeifanya zahanati yenu iwe na kompyuta. Lakini msimwachie mashine yenye majina ya wagonjwa wa UKIMWI. Programu iliyovunjwa kufuli haisasishwi, na aliyeivunja hakufanya hivyo kwa sadaka. Mara nyingi kaacha mlango wake mwenyewe nyuma. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizisimamisha hospitali nyingi za Uingereza, nchi yenye fedha na leseni, kwa sababu kompyuta zao hazikuwa zimesasishwa. Zetu je?

Hapa nataka niwape jambo ambalo sisikii likitajwa. Kuna mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaolazimisha nchi wanachama kulinda hakimiliki na hataza kwa kiwango fulani. Nchi zilizo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, ziliongezewa muda. Uamuzi wa Juni 2021 umesogeza tarehe hadi tarehe 1 Julai 2034. Maana yake, kwa upande wa mkataba huo, tuna nafasi ya kutosha ya kutunga sheria zinazotufaa: kuruhusu matengenezo, kuruhusu leseni ya kifaa cha msaada ihame na kifaa chenyewe, kuruhusu hospitali ichukue kumbukumbu zake mtoa huduma akifunga. Sisi tulikuwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na programu za kompyuta zimo ndani yake. Tumepewa ruhusa ya kuvua koti, tumekaa nalo juani.

Na muda wenyewe una mwisho. Julai 2020 Benki ya Dunia ilitupandisha kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, tukashangilia, na nilishangilia pia. Umoja wa Mataifa bado una orodha yake nyingine. Mwenye kuuza leseni anachagua rula inayompendeza. Baadhi ya mapunguzo huandikwa "kwa nchi za kipato cha chini", na siku ukipanda daraja punguzo linaondoka, ilhali bibi wa Kibosho hakupanda popote.

Nimelalamika vya kutosha. Kuna vitu vimefanyika, na vingine vimefanyika hapahapa kaskazini. Miaka ya nyuma kabla vijana hawa hawajazaliwa au wakiwa chekechea, hospitali za Kanisa la Kilutheri, KKKT, zilichukua Care2x, programu huria ya hospitali iliyoanzishwa na muuguzi, Elpidio Latorilla, zikaitohoa ifanane na fomu zetu na bei zetu. Ilikuwa na matatizo, wahasibu waliokuwepo watawaambia. Lakini kitu kikiharibika, kijana wa Arusha alifungua msimbo akatengeneza, hakusubiri mtu aamke upande wa pili wa dunia. Eldoret, Kenya, jirani hapo, ndiko OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilikoanza kutumika, na leo iko nchi nyingi.

Na ile CHF niliyoisema mwanzoni, mfumo wake wa kuandikisha wanachama una historia inayopaswa kufundishwa vyuoni. Mwaka 2012, Dodoma, chini ya mradi uliofadhiliwa na Uswisi, ilijengwa programu iliyoitwa IMIS. Waandikishaji walitembea vijijini na simu, wanapiga picha wanakaya, taarifa zinakwenda. Baadaye msimbo ukafunguliwa kwa jina la openIMIS, Uswisi na Ujerumani wakichangia, na Nepal wakautumia kwenye bima yao ya afya ya taifa. Kitu kilichoanza kwa mkulima wa Dodoma kimepanda Himalaya. Mimi ni mtu wa mlima, naruhusiwa kujivunia.

Ila vijana, angalieni na hili. Programu ile ilipoanza ilijengwa juu ya hifadhidata ya Microsoft, ile ya kulipia. Ndani ilikuwa bure, chini yake kuna kodi. Nchi iliyotaka kuitumia bure ilikuta bado ina leseni ya kununua, na imechukua miaka ya kazi kuijenga upya ili ikae pia juu ya PostgreSQL, hifadhidata huria ambayo haina mwenye nyumba. Kwa hiyo mtu akikuletea mfumo akasema ni wa bure, muulize umesimama juu ya nini. Muulize kila tabaka mpaka chini.

Sasa ninachowaomba. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Sheria inaweka mifupa, kanuni ndizo zinazoweka nyama, na kanuni hutungwa na kubadilishwa na waziri bila kurudi Bungeni kila mara. Mawakala na wahasibu, nyinyi ndio mnaojua kaya ya kweli ina watu wangapi. Andikeni. Wekeni idadi za kaya mlizoziandikisha, ngapi zilizidi sita, nani aliachwa nje. Wizara hujibu tarakimu haraka kuliko inavyojibu machozi. Viongozi wa AMCOS, pendekezo la kuhamisha tarehe ya kadi liandikwe kabla msimu haujaanza, maana msimu ukianza kila mtu yuko shambani.

Wakuu wa hospitali, kuanzia sasa kusiwe na leseni kwa jina la mtu. Barua pepe ya taasisi, simu ya taasisi, na kadi ya malipo ya taasisi hata kama ni ile ya kwenye simu. Mfadhili akileta kifaa, kabla ya kupiga naye picha ombeni barua ya mtengenezaji inayosema leseni imehamia kwenu. Akikasirika, kifaa hicho kingewakasirisha nyinyi baadaye. Na kwenye kila zabuni ya programu kuwe na kipengele cha siku ya kuachana: mkataba ukiisha au kampuni ikifa, kumbukumbu zote zinatolewa kwenye mafaili yanayosomeka na programu nyingine, bila malipo, ndani ya siku zilizotajwa. Mwanasheria atawaambia hakuna mtu atakayekubali. Sisi tuliliweka kwenye zabuni ya mwisho. Waombaji wawili walijitoa. Watatu walikubali.

Nakala ya kipengele hicho ipo kwenye meza ile karibu na mlango, kurasa mbili, na kaka fundi mwenye shati la bluu anayo kwenye flashi kwa anayetaka kuibadilisha kidogo. Flashi haina vairasi, nimeihakiki mwenyewe. Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali yaanzie nyuma. Dada mwenye kilemba, karibu.